Behewa la Compiègne

Katika msitu wa Compiègne, kaskazini ya Paris, kuna nyumba ya makumbusho. Mgeni aingiapo huonyeshwa behewa la treni lenye meza ndefu. Mabehewa ya namna hii yaliundwa ili wasafiri matajiri wapate kula safarini; kampuni yao iliasisiwa na Mbelgiji, Georges Nagelmackers.

Mwaka 1918 Foch, mkuu wa majeshi, alifanya behewa namba 2419 kuwa ofisi yake. Humo, alfajiri ya tarehe 11 Novemba, Wadachi walitia sahihi, na saa tano ya asubuhi mizinga ikanyamaza huko Ulaya. Ndiyo vita ile iliyowafikisha askari wa Kongo hata Tabora mwaka 1916.

Lakini Wadachi waliondoka na uchungu moyoni. Mwaka 1940 Hitler alipoishinda Ufaransa, aliamuru behewa litolewe katika makumbusho, lirudishwe mahali pale pale. Tarehe 22 Juni Wafaransa nao wakatia sahihi humo. Kisha akalipeleka Berlin. Mwaka 1945 liliteketea kwa moto.

Basi, ndugu msomaji, behewa linaloonekana leo ni ndugu yake tu, namba 2439, lililowekwa mwaka 1950. Tarehe 10 Novemba 2018 Bwana Macron wa Ufaransa na Bibi Merkel, aliyeongoza serikali ya Wadachi, waliketi humo pamoja. Hati hunyamazisha mizinga, lakini uchungu wa moyo hauondoki pasipo msamaha.