Ndaye Mulamba, mchezaji aliyeliliwa mara mbili

Mwezi wa Februari 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, uwanja ulisimama kimya dakika moja kwa ajili ya Pierre Ndaye Mulamba, mfungaji mkubwa wa Zaire ya zamani. Habari iliyozunguka ilisema amekufa katika ajali ya machimbo ya almasi huko Angola.

Habari hiyo ilikuwa ya uongo. Ndaye alikuwa hai Afrika Kusini, mkimbizi asiye na kitu, akihangaikia chakula cha siku. Kifo chenyewe kilimkuta miaka 21 baadaye, tarehe 26 Januari 2019, mjini Johannesburg, akiwa na umri wa miaka 70. Hapo wapenzi wa mpira wa Congo wakamlilia mara ya pili, na safari hii ilikuwa kweli. Familia nyingi zilizokimbia makwao zitajitambua katika historia yake.

Ndaye alianzia mpira kwao Kasai, kisha akaenda Kinshasa kuvaa jezi ya kijani na nyeusi ya AS Vita Club. Mwaka 1973, Vita ilifika fainali ya kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Ilipigwa 4-2 na Asante Kotoko kule Kumasi, Ghana, na wengi wakafikiri mambo yamekwisha. Mechi ya marudiano mjini Kinshasa, Vita ikashinda 3-0 na kuchukua kombe. Mpaka leo, hilo ndilo kombe la pekee la namna hiyo ambalo Vita imelipata.

Mashabiki walimpa jina la Mutumbula. Wazee wa Katanga na Kasai wanalijua neno hilo tangu wakati wa Wabelgiji: batumbula walikuwa watu waliosemwa kwamba wanakamata wenzao usiku na kuwapoteza. Mabeki ndio waliokuwa na sababu ya kuliogopa jina hilo uwanjani.

Machi 1974, kule Misri, Ndaye alifanya jambo ambalo hakuna aliyelirudia. Alifunga mabao 2 dhidi ya Guinea na 1 dhidi ya Mauritius. Katika nusu fainali, wenyeji Misri walitangulia kwa mabao 2-0. Zaire ikageuza matokeo yakawa 3-2, na mabao 2 kati ya hayo yalikuwa ya Ndaye. Fainali na Zambia ilimalizika 2-2 hata baada ya muda wa nyongeza, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye. Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote 4 ya Zaire katika mechi hizo mbili aliyafunga mtu mmoja, Ndaye. Jumla, mabao 9 katika shindano moja. Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire alikuwa amefunga 8 mwaka 1970. Tangu siku ile Kombe la Afrika limeongezwa ekipe nyingi na mechi nyingi, na bado 9 haijafikiwa.

Miezi mitatu baadaye, Chui wa Zaire walikwenda Ujerumani Magharibi, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Huko mambo yaliharibika. Walifungwa 2-0 na Scotland, kisha wachezaji wakalalamika kwamba pesa walizoahidiwa hazikuwafikia. Mechi ya pili ikawa 9-0 mbele ya Yugoslavia. Katika mechi hiyo mwamuzi alipigwa teke kwa nyuma. Aliyepiga alikuwa beki Mwepu Ilunga, lakini kadi nyekundu akapewa Ndaye. Dakika 25 hazijaisha, na mfungaji bora wa Afrika akatolewa nje kwa kosa la mwenzake.

Wakati ule mchezaji hakuweza kufunga begi na kwenda kutafuta pesa Ulaya. Serikali ya Mobutu ilitaka wachezaji wa taifa wabaki nchini. Ndaye alibaki na Vita yake, miguu ikachoka, na sifa zikabaki mdomoni mwa watu. Mfukoni hakukuwa na kitu.

Mwaka 1994, Afrika ilimkumbuka na kumpa heshima kwenye Kombe la Afrika kule Tunisia. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amerudi na pesa nyingi. Risasi ikampata mguuni. Mguu uliokuwa umeleta kombe sasa ulikuwa hauwezi kumbeba vizuri. Mwaka 1996, nchi ilipokuwa inaingia vitani, alikimbilia Afrika Kusini.

Kule hakuna aliyemjua. Huko Cape Town, mfungaji wa mabao 9 alikuwa akichunga magari ya watu yakisimama, akingoja sarafu. Waliompokea ni watu wa mtaa wa maskini, ambao wenyewe hawakuwa na vingi. Ndipo ile dakika ya kimya ya mwaka 1998 ikapita.

Mashabiki wa Ndaye hawakumsahau. Walimsimulia baa, mitaani na kwenye redio, lakini walimsimulia kama marehemu. Mtu aliyekimbia akikaa miezi bila habari, kwao huanza kusema "alikuwa". Shamba linagawanywa, jina linaanza kutajwa kwa sauti ya chini. Na yeye yuko mahali fulani, anaumwa, anangoja mtu amuulize habari. Simu moja au barua moja ingemfaa Ndaye kuliko uwanja mzima uliosimama kimya.

Kilio cha 2019 kilikuwa na mzigo huo. Watu walilia mchezaji aliyewapa kombe, na walilia pia miaka ile aliyokuwa hai bila wao kujua. Mwepu Ilunga alikuwa ametangulia, mwaka 2015. Wazee wa 1974 wanapungua, na walio hai bado wana masimulizi ya kumpa yeyote atakayekwenda kuwasalimia.

Ikumbukwe kwamba Pierre Ndaye Mulamba alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 mjini Luluabourg, ambao leo unaitwa Kananga.