Ifahamu 'Home Again', albamu ya kwanza ya Michael Kiwanuka

Home Again ni albamu ya kwanza ya Michael Kiwanuka, mwimbaji na mpiga gitaa wa Uingereza mwenye asili ya Uganda. Ilitoka Machi 2012 ikiwa na nyimbo 10. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "nyumbani tena".

Kiwanuka alizaliwa London mwaka 1987. Wazazi wake waliikimbia Uganda ya Idi Amin, huyo huyo ambaye wanajeshi wake waliivamia Kagera mwishoni mwa 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, kabla naye hajang'olewa Kampala Aprili 1979.

Habari za kukimbia nchi si ngeni Kagera. Wilaya ya Ngara, ambako Kabanga ipo jirani kabisa na mpaka wa Burundi, iliwapokea Wanyarwanda zaidi ya laki mbili waliovuka Rusumo kwa takribani siku moja tu, mwishoni mwa Aprili 1994. Wengi hapo wamewahi kuishi jirani na mtu anayewaza kurudi kwao.

Lakini mtu asitarajie kusikia habari za Amin humo ndani. Nyimbo hazitaji Uganda wala siasa. Ni kijana anayeongea na nafsi yake kuhusu mashaka, upweke na imani kwa Mungu. Wimbo wa mwisho, Worry Walks Beside Me, jina tu linatosha: wasiwasi unatembea naye bega kwa bega.

Muziki wenyewe ni soul ya taratibu, ile iliyozaliwa kwa Wamarekani weusi kutokana na nyimbo za injili na blues. Wengi walimfananisha na Bill Withers. Humo kuna gitaa lisilo la umeme, nyuzi za violini na, kwenye Tell Me a Tale, filimbi inayozunguka zunguka kama jazi ya zamani. Prodyuza alikuwa Paul Butler wa bendi ya The Bees, na kazi ilifanyika kwenye studio yake kisiwani Isle of Wight, kusini mwa Uingereza. Sauti yake ni ya kizamani makusudi, utadhani santuri ya mwaka 1971.

Je, ni soul ya saikedeliki, yaani ile ya ndoto, mwangwi na magitaa yanayolia kwa muda mrefu? Bado, ila mbegu ipo. Mtindo huo, uliovuma Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa watu kama Sly and the Family Stone na The Temptations, Kiwanuka aliuingia wazi kwenye Love & Hate ya 2016. Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, Cold Little Heart, unakaribia dakika 10.

Kabla ya Home Again jamaa alikuwa akiwapigia gitaa wasanii wengine. Mwaka 2011 akawa anatangulia jukwaani kwenye ziara ya Adele. Januari 2012 akashinda BBC Sound of 2012, orodha ya wasanii wapya wa kuangaliwa, akiwapita Frank Ocean na Azealia Banks. Albamu ilipotoka ikafika namba 4 Uingereza na kuingia kwenye kinyang'anyiro cha tuzo ya Mercury. Hakushinda.

Alipoanza aliulizwa atatumia jina gani la kisanii. Alibaki na lake, ambalo kwa Waganda ni pia jina la mungu wa radi wa zamani, na mwaka 2019 akaiita albamu yake ya tatu Kiwanuka. Hiyo ndiyo iliyompa Mercury mwaka 2020.

Kwa asiyemjua, aanze na wimbo Home Again, kisha I'm Getting Ready. Ni muziki wa usiku, simu ikiwa kwenye spika za masikioni, si wa baa. Albamu nzima haijalingana, katikati inapoa kidogo.

Na akitaka wa jirani zaidi na Kabanga, yupo J.P. Bimeni, Mrundi aliyekimbia vita akiwa kijana mdogo na kuishia Uingereza. Albamu yake ya kwanza, Free Me, aliyoifanya na bendi ya The Black Belts ya Hispania, ilitoka 2018. Hiyo ni soul ya kulia kwa nguvu zaidi.