Mtwarwa si Mpangaji: Historia Fupi ya Istilahi za Kukodi Ardhi

Maneno mawili, kukodi na kukodisha, yamewasumbua makarani wetu kwa muda mrefu kuliko yanavyostahili. Huko Mollo na katika vijiji vingine vinavyouzunguka mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mkulima ambaye shamba lake halimtoshi hutafuta ekari kadhaa kwa mwenzake kabla ya mvua za kwanza, hulipa fedha au huahidi magunia, na baada ya mavuno shamba humrudia mwenyewe. Kisarufi mambo ni wazi: anayechukua amekodi, anayetoa amekodisha. Katika mazungumzo, hata hivyo, wote wawili aghalabu husema "nimekodisha shamba", na wanaelewana kwa kuwa wanajuana. Shida huanza siku neno hilo linapoandikwa kwenye karatasi na kugongwa mhuri, kisha mmoja akafariki na wanawe wakaipeleka karatasi ile mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji. Karatasi inasema "Fulani amekodisha shamba". Ni nani basi mwenye shamba?

Tangu mwaka 2021, sheria ilipoifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, swali kama hilo haliwezi tena kuachiwa mkalimani alitatue papo kwa papo. Katika makala haya tunakusudia kuyafuatia maneno kadhaa ya ukodishaji wa ardhi hadi kwenye mashina yake, kwa kuwa tumeona kwamba mengi yanayowatatiza wafasiri si ya sarufi bali ni ya historia. Neno la mtu anayetumia ardhi ya mwingine hubeba ndani yake uhusiano uliokuwapo baina ya watu hao wawili, na uhusiano huo haukuwa mmoja kila mahali.

Tuanze na Ufipa yenyewe, ambako mtego wa kwanza umo katika cheo cha mtawala. Dola mbili za zamani za Wafipa, Nkansi na Lyangalile, zilitawaliwa kila moja na Mwene. Jina la Nkansi limebaki mpaka leo katika Wilaya ya Nkasi. Msomaji wa Kiswahili akilisikia neno Mwene husikia papo hapo "mwenye", na hakosei kuhusu nasaba ya neno: Mwene, mwenye na mwinyi ni ndugu wa damu. Lakini mfasiri akiandika kwamba Mwene alikuwa "mwenye ardhi" na Wafipa "wapangaji wake", atakuwa ameingiza nchini Ufipa jambo ambalo halikuwapo. Mwene alikuwa na haki ya kupokea huduma na ushuru kwa sababu alitawala. Mkulima aliyelifukia jani chini ya udongo, akajenga matuta yale ya mviringo ambayo uwanda wa Ufipa unajulikana kwayo, hakuwa amelikodi shamba lake kwa mtu. Lilikuwa lake kwa kazi yake na kwa kuwa mwanakijiji. Ushuru kwa mtawala ni jambo moja, malipo kwa mwenye ardhi ni jambo jingine, na Kiswahili, kwa bahati mbaya, huyaita yote mawili kodi.

Neno kodi linahitaji uangalifu wa pekee. Serikali ya Kijerumani ilipoanza kutoza kodi ya nyumba, na ile ya Kiingereza ilipoendelea na kodi ya kichwa, neno hilo lilikaa akilini mwa watu kama amri ya dola. Mjini, wakati huo huo, kodi ilikuwa malipo ya chumba. Ndipo watu wakaanza kusema "pango" ili kutofautisha, kutokana na kitenzi kupanga, na leo ofisi za ardhi hutumia "kodi ya pango la ardhi". Wapo wanaolicheka fungu hilo kwa kuwa linasema jambo moja mara mbili. Sisi hatucheki. Linaeleza kwa usahihi usio wa kawaida hali ya mlipaji, ambaye kwa upande mmoja ni kama mpangaji wa umma, na kwa upande mwingine ni raia anayetozwa na Serikali.

Mfano ulio tajiri kuliko yote katika nchi yetu, hata hivyo, hauko Ufipa bali Buhaya. Huko kulikuwa na utaratibu ulioitwa nyarubanja, ambao Mukama aliutumia kuwagawia ndugu zake na watumishi aliowapenda maeneo yenye watu ndani yake. Tuliangalie jina lenyewe. Mna mzizi uleule ulio katika kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba katikati, na mzizi huo ndio uliotupatia kiwanja na uwanja katika Kiswahili. Nyarubanja basi ni kiwanja kilichokuzwa mno, mpaka kikameza viwanja vya wengine.

Aliyepewa eneo aliitwa mtwazi. Waliokutwa ndani yake waliitwa watwarwa. Hapa ndipo istilahi inapotufundisha historia. Kitenzi cha Kihaya kutwara maana yake ni kutawala, na mtwarwa, kwa umbo lake la kutendwa, ni mtu anayetawaliwa. (Mfanano wa kutwara na kutawala wa Kiswahili ni wa sauti tu, kwa kuwa letu limetoka katika Kiarabu. Ndugu wa kweli wa kutwara, kwa kadiri tunavyoona, ni kutwaa.) Mtwarwa hakuingia kwa hiari yake katika mapatano na mtwazi. Mara nyingi yeye na baba yake walikuwapo pale kabla ya mtwazi kuja, wakaamka siku moja na kuambiwa kwamba kibanja chao kimo ndani ya nyarubanja ya fulani. Wajibu wake ulikuwa kupeleka sehemu ya mazao na pombe ya ndizi, kufanya kazi alizoitiwa, na kuonyesha heshima inayompasa bwana. Aliweza kumrithisha mwanawe kibanja, lakini hakuweza kukiuza, na akikihama au akifa bila mrithi kilimrudia mtwazi.

Utawala wa Kijerumani uliwapa nguvu watawala walioshirikiana nao, mashuhuri miongoni mwao Kahigi wa Kianja, na nyarubanja zikaongezeka. Kahawa ilipopata bei, sehemu ya mazao iliyokuwa ishara ya utii ikawa mali yenye thamani sokoni, na baadaye malipo yakageuka kuwa ya fedha. Kwa sura ya nje, basi, mtwarwa alianza kufanana na mpangaji: ana kiwanja, analipa kila mwaka, asipolipa anaweza kufukuzwa. Waandishi wa kikoloni walimwita kwa neno la Kiingereza la mpangaji, na wafasiri wetu wakawafuata. Tunaona kwamba walikosea, na kosa hilo si dogo. Mpangaji ni mtu aliyekubali. Ukimwita mtwarwa mpangaji, umemhukumu kabla ya kumsikiliza, kwani mpangaji anayelalamika huambiwa kwamba kama hapendi masharti na ahame.

Bunge halikumwambia ahame. Sheria ya mwaka 1965 kuhusu nyarubanja ilifungua njia ya kumpa mtwarwa haki katika kibanja chake, na mwaka 1968 sheria nyingine ikaeneza utaratibu huo kwenye aina nyingine za ukodishaji wa kimila. Jina la Kiingereza la sheria hizo lina neno ambalo humaanisha kumtoa mtu katika utumwa, na pia kumpa haki ya kupiga kura. Wengine hulifasiri kwa ukombozi. Katika Buhaya lakini kukomboa tayari kuna kazi yake: ndugu wa ukoo hukomboa shamba lililouzwa kwa mgeni kwa kurudisha fedha. Mtwarwa akisoma kwamba "amekomboa" kibanja chake anaweza kudhani kwamba alipaswa kukilipia kwanza. Tungependa zaidi kumilikishwa. Halina shangwe, lakini halimdai mtu senti.

Katika miaka hiyohiyo lilienea neno jingine kwa watu kama watwazi, nalo ni makabaila. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja makabaila pamoja na mabepari, na shuleni tukafundishwa ukabaila kama hatua ya historia. Zamani kabaila alikuwa mtu wa ukoo bora tu, bila lawama yoyote. Mfasiri wa maandiko ya pwani ya karne ya 19 ajihadhari asimpe shekhe wa watu sura ya mnyonyaji kwa sababu ya neno lililobadilika baadaye.

Kwa jirani zetu tutapita haraka. Huko Buganda, Mkataba wa mwaka 1900 uliwagawia Kabaka, machifu na watu mashuhuri ardhi iliyopimwa kwa maili za mraba, na maili zenyewe zikawa jina la umiliki: mailo. Wakulima waliokuwamo walitakiwa kulipa busuulu kwa ajili ya kiwanja na envujjo kutokana na mazao, hadi sheria ya mwaka 1927 ilipoweka kikomo cha malipo hayo na kuwalinda wasifukuzwe ovyo. Idi Amin aliifuta mailo kwa amri mwaka 1975, Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha. Miongoni mwa Wakikuyu mtumiaji wa ardhi ya mwingine aliitwa muhoi, yaani mwombaji, kwa sababu aliomba na akapewa bila kodi. Lakini katika mashamba ya walowezi ya Kenya, sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika anayeishi humo atoe kazi ya siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Anayetawaliwa, mwombaji, mtoa kazi: watu watatu ambao kamusi moja ya haraka ingewaita wapangaji.

Mlowezi wa Kenya mwenyewe alikuwa mpangaji wa Serikali, jambo ambalo wanafunzi husahau. Sheria ya mwaka 1902 ilimpa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikampa 999. Hesabu kama hizo zilizaliwa mbali na Nairobi, katika sheria ya Kiingereza ya ardhi ambayo mapema ilikuwa imetumika kuigawa nchi iliyonyang'anywa wenyewe, nayo ni Ayalandi. Kuanzia mwaka 1609 Mfalme wa Uingereza aliyagawa majimbo sita ya Ulster kwa watu wake katika mafungu ya ekari 1,000, 1,500 na 2,000. Waliopewa walitakiwa walete kutoka Uingereza na Uskoti wanaume 24 kwa kila ekari 1,000, wajenge ngome, na wasiwakodishe Waayalandi. Walimlipa Mfalme paundi 5, shilingi 6 na peni 8 kwa kila ekari 1,000. Mwayalandi aliyebahatika kuachiwa ardhi kwa ekari zizo hizo alilipa mara mbili kamili. Marufuku hayakushikwa, kwa kuwa wenyeji walikuwa tayari kulipa kodi kubwa kuliko wageni ili wasing'olewe.

Mfasiri wa habari hizi akutana na mitego mitatu. Kwanza, jina la Kiingereza la mpango huo ni lile tulilozoea kulifasiri "shamba kubwa", kama la mkonge, na tumekwisha kuona maandishi yenye "mashamba ya Ulster". Hapo kilichopandwa ni watu. Tunapendekeza upandikizaji, kwa kuwa mche hupandikizwa baada ya kutolewa kwenye kitalu cha mbali, na mara nyingi kwanza hung'olewa ulichokikuta. Pili, ua wa ngome ambao walowezi walitakiwa kuujenga uliitwa kwa neno la Kiayalandi bábhún, ambalo asili yake husemwa kuwa ni ngome ya ng'ombe. Sisi tunalo boma, la ng'ombe na la Mkuu wa Wilaya, na sijapata kuonekana neno lililokaa mahali pake vizuri zaidi. Tatu, kulikuwa na mikataba iliyodumu si kwa miaka bali kwa uhai wa watu watatu waliotajwa kwa majina. Wa mwisho akifa, mkataba umekwisha. Huo tuuite mkataba wa uhai wa watu watatu, bila kutafuta ufupi. Sheria ya mwaka 1704 ilimnyima Mkatoliki mkataba unaozidi miaka 31, na ile ya mwaka 1778 ikamruhusu hadi 999.

Tanganyika ilifuata njia nyingine. Amri ya Kijerumani ya mwaka 1895 ilikuwa imeitangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ya dola. Sheria ya mwaka 1923, iliyofuata mfano wa Nigeria ya Kaskazini, iliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuikalia na kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1958, katika Mali ya Taifa, Mwalimu Nyerere alipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa, na mwaka 1963 umiliki wa milele ulifutwa. Haki ile ya kukalia leo huitwa hakimiliki, nasi tunakiri kuwa neno limekwisha kushika mizizi. Lakini "miliki" limemwongezea mwananchi zaidi ya alichopewa na sheria, na ndiyo sababu wengi hushangaa wakidaiwa pango la kitu wanachokimiliki. Mwalimu anayefundisha somo hili aanze na haki ya kukalia, kisha aseme kwamba kwa jina la kisheria inaitwa hakimiliki.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwanakijiji mwenye hakimiliki ya kimila anaweza kumpa mwingine haki ya kutumia kwa muda, na maeneo makubwa au muda mrefu huhitaji ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa karatasi hizo tungeshauri makarani waviache kando vitenzi vyote viwili tulivyoanza navyo, na waandike "mtoa shamba" na "mtumia shamba", kila mmoja kwa jina lake kamili, kisha tarehe ambayo shamba litarudi.