Neno "Homa" katika Daftari za Vifo vya Mombasa

Rosine Krapf, mke wa mmisionari Ludwig Krapf, alifariki Mombasa mwezi wa Julai 1844, siku chache baada ya kujifungua. Mtoto naye akamfuata. Ilisemwa kwamba alikufa kwa homa. Waandishi wa baadaye wasema "malaria". Lakini kimelea cha malaria kilionwa kwa mara ya kwanza na Laveran mwaka 1880, na mzazi aliyetoka kujifungua aweza pia kufa kwa homa ya uzazi. Neno limebadilishwa, ushahidi haukuongezeka.

Mfano wa pili watoka Unguja. Mwaka 1870 daktari James Christie alishuhudia maradhi ambayo wenyeji waliyaita kidinga pepo, na wazee wakamwambia kwamba yalikwisha kupita mnamo 1823. Wataalamu wakayahesabu kuwa dengue, jina ambalo huenda lenyewe limetokana na hilo la Kiswahili. Mwaka 1971 Carey alisoma upya maelezo ya Christie, hasa ya maumivu ya viungo, akaona kwamba yaelekea zaidi chikungunya. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu Christie aliandika dalili, wala si jina peke yake.

Daftari za serikali hazina ukarimu huo. Nchini Kenya uandikishaji wa vifo ulianza 1904 kwa Wazungu, na Waafrika walichelewa sana kuingizwa. Afaye hospitalini huandikiwa sababu na daktari. Afiaye nyumbani, kama ilivyo kwa wengi wa Mji wa Kale, ambako maiti huzikwa upesi kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, huandikishwa kwa naibu wa chifu, asiyesomea utabibu, kwa yale aliyoambiwa na wafiwa.

Nao husema "homa". Kwa Wamvita wazee, homa ni joto la mwili. Kwa vijana wengi waliosoma Kiswahili cha shule, ni mafua. Karani aifasiripo kwa Kiingereza, malaria i karibu. Kumbe Mombasa ilipatwa na chikungunya 2004 na tena 2017 hadi 2018, na dengue 2013, na zote huanza kwa homa.

Laiti fomu ingekuwa na nafasi ya kuandika maneno ya wafiwa kama yalivyotamkwa, mtafiti angeweza kuwasoma upya marehemu hao kama Carey alivyomsoma Christie.