Mtu Anapohama na Bunduki Yake

Somo la historia kwa redio, kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mtu amekwisha kukaa na penseli yake i mkononi. Leo twasafiri mbali kidogo, mpaka Marekani. Hatutazungumza habari za vita wala za majambazi. Tutazungumza habari za mtu mwema anayehama. Anafunga mizigo yake: vyombo, magodoro, picha za wazee wake. Katika mizigo hiyo mna bunduki yake, aliyoinunua kwa haki na kuilipia kwa fedha yake. Anavuka mpaka kutoka jimbo moja kwenda jimbo la pili ambalo sheria yake ni kali zaidi. Je, huko aendako bado ana haki? Hilo ndilo swali letu la leo.

Kwanza mwalimu aandike maneno matatu ubaoni.

JIMBO. Marekani ni nchi moja yenye majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake, bunge lake, mahakama zake na sheria zake. Juu ya yote iko Serikali Kuu, mjini Washington.

LESENI. Ni ruhusa iliyoandikwa na serikali.

MAGAZINI. Hapa si gazeti. Ni kile kisanduku kidogo kinachotiwa risasi na kupachikwa katika bunduki.

Basi tuanze. Kwetu, mtu akihama kutoka Mwanza kwenda Mbeya, sheria ya silaha anayoikuta ni ile ile aliyoiacha. Marekani sivyo. Bunduki ambayo katika jimbo moja ni mali halali, katika jimbo la jirani yaweza kumpeleka mwenyewe gerezani. Ili kujua sababu, hapana budi turudi nyuma.

Mwaka 1791 Wamarekani waliongeza vifungu kumi katika Katiba yao. Kifungu cha pili chataja haki ya watu ya kuwa na silaha na kuzichukua. Lakini kwa zaidi ya miaka 200 kifungu hicho kilihesabiwa kuwa kinaifunga Serikali Kuu tu. Ni mwaka 2010 ndipo Mahakama ya Juu ya nchi ilipoamua kwamba kinayafunga majimbo pia. Katika muda huo wote, majimbo na hata miji midogo iliweka sheria zake yenyewe, kila mmoja kwa kadiri ya haja na hofu yake.

Labda umewahi kuona sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, kila mtu na bastola kiunoni. Sinema zinasahau jambo moja. Mji wa Dodge City, katika jimbo la Kansas, ulikataza watu kuchukua silaha mjini. Mji wa Tombstone, huko Arizona, uliweka sheria kama hiyo mwezi wa Aprili 1881. Mgeni aliyetoka nyikani ilimpasa aiweke silaha yake mahali pa amana, afanye shughuli zake, kisha aichukue wakati wa kuondoka. Tarehe 26 Oktoba 1881 wachunga ng'ombe kadhaa walionekana mjini na silaha. Virgil Earp, mkuu wa polisi wa mji, akaenda kuwanyang'anya, pamoja na ndugu zake wawili, Wyatt na Morgan, na rafiki yao Doc Holliday. Risasi zikalia kwa muda wa nusu dakika hivi. Watu watatu wakafa. Twaona basi kwamba taabu ya kuingia na silaha mahali penye sheria kali si jambo la jana.

Sasa twende New York. Tarehe 9 Agosti 1910, meya wa mji huo, William Gaynor, alipigwa risasi shingoni na mtu aliyekuwa ameachishwa kazi ya mji. Hakufa siku ile. Mwezi wa Januari 1911, mwandishi wa vitabu David Graham Phillips aliuawa kwa bastola barabarani katika mji huo huo. Watu wakaona yatosha. Mwaka ule ule bunge la jimbo likapitisha sheria inayoitwa Sheria ya Sullivan, kwa jina la mjumbe aliyeipigania, Timothy Sullivan. Sheria ilisema kwamba mtu hawezi kuwa na bastola inayoweza kufichwa nguoni bila ya leseni. Tangu hapo New York ikawa na njia yake, na majimbo mengine yakabaki na njia zao.

Serikali Kuu nayo ilianza kutunga sheria. Mwaka 1934 iliweka kodi ya dola 200 juu ya bunduki za rashasha na silaha nyingine walizopenda majambazi wa miji mikubwa. Kisha, mwaka 1963, Rais John Kennedy aliuawa kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta. Mwaka 1968 wakauawa Martin Luther King na Robert Kennedy, nduguye Rais. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria mpya. Kuanzia hapo mtu wa kawaida hakuweza tena kuagiza bunduki kwa posta kutoka jimbo jingine, wala kwenda kununua bastola katika jimbo asilokaa.

Lakini sheria hiyo haikumaliza taabu ya msafiri. Fikiri habari za mwindaji. Anatoka jimbo analoruhusiwa kuwa na bunduki, anakwenda jimbo analoruhusiwa pia, lakini katikati yake liko jimbo kali. Je, alizunguke? Mwaka 1986 Serikali Kuu ilitunga sheria ya kumlinda mpita njia huyo. Sikiliza masharti yake vizuri. Kwanza, atokako awe na haki ya kuwa na silaha hiyo. Pili, aendako awe na haki hiyo pia. Tatu, njiani silaha isiwe na risasi ndani yake. Nne, silaha na risasi ziwe mahali ambapo aliyekaa ndani ya gari hawezi kuzifikia, kama vile kwenye buti. Gari lisilo na buti, ziwe katika sanduku lililofungwa kwa ufunguo. Kijisanduku cha mbele ya kiti hakikubaliwi.

Sasa rudia sharti la pili: aendako awe na haki hiyo pia. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Sheria ya mwaka 1986 inamlinda mpita njia. Haimpi mhamiaji haki mpya huko anakohamia. Ukifika mahali pa kukaa, safari imekwisha, na ulinzi wake umekwisha. Sasa u mwenyeji, na sheria ya mwenyeji ndiyo yako.

Hata mpita njia mwenyewe yampasa ajihadhari. Mwaka 2005 mtu mmoja wa Utah alikuwa akisafiri kwa ndege kwenda Pennsylvania, na bastola yake imefungwa katika mzigo kama sheria inavyotaka. Alipofika Newark, katika jimbo la New Jersey, akakosa chombo cha kuendelea na safari. Akachukua mzigo wake, akalala hotelini. Asubuhi alirudi uwanjani, akawaambia wenye kazi kwa hiari yake kwamba anayo bastola mzigoni. Akakamatwa. Baadaye mashtaka yaliondolewa, naye akaenda mahakamani kudai haki yake. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ikamwambia kwamba usiku ule hotelini silaha ilikuwa karibu naye, angeweza kuifikia. Basi ile sheria ya mpita njia haikumlinda. Usiku mmoja tu, wanafunzi, na kosa halikuwa lake!

Na mhamiaji je? Kijana mmoja alikuwa akikaa Colorado, jimbo ambalo wakati ule sheria yake ya silaha ilikuwa nyepesi, na huko alinunua bastola zake kwa halali. Akarudi New Jersey alikokuwa jamaa yake. Mwezi wa Januari 2009 polisi walizikuta bastola hizo katika buti ya gari lake, kati ya mizigo. Alisema kwamba alikuwa katika kuhama nyumba. Sheria ya New Jersey ni kali, lakini inayo nafasi kwa mtu anayehama: yaruhusu kuchukua silaha isiyo na risasi kutoka nyumba ya zamani mpaka nyumba mpya. Hata hivyo, katika kesi ile, raia walioketi kuamua kama ana hatia au hana hawakuelezwa na jaji habari za nafasi hiyo. Mwaka 2010 kijana akahukumiwa kifungo cha miaka saba.

Miaka saba kwa mizigo ya kuhama! Watu wengi walishtuka. Mwezi wa Desemba 2010 Gavana Chris Christie alimpunguzia adhabu, akatoka gerezani. Mwaka 2012 mahakama ya rufani ikatengua hukumu ya kuwa na bastola, kwa sababu wale waamuzi walipaswa kuelezwa habari za mtu anayehama. Lakini miezi aliyokaa gerezani haikurudi.

Wengine husema kosa ni la sheria, wengine husema ni la jaji, wengine husema ni la kijana. Mimi nakuuliza swali jingine: aliyetoka Colorado angejuaje? Ukivuka mto Colorado kwa barabara kuu kutoka Arizona kuingia California, karibu na mji wa Blythe, utasimamishwa na maofisa wa kilimo. Watakuuliza kama una matunda au mimea, wasije wadudu wakaingia mashambani. Hapana atakayekukalisha akakusomea sheria ya silaha. Hiyo yakupasa uisome mwenyewe kabla ya kuondoka.

Na California ina mengi ya kusoma. Mwezi wa Januari 1989, katika mji wa Stockton, mtu mwenye bunduki aliingia katika uwanja wa shule akaua watoto watano. Mwaka huo huo jimbo likakataza bunduki za namna ya kijeshi, lile likiwa jimbo la kwanza kufanya hivyo. Tangu mwaka 2000 ni marufuku kuingiza magazini ya risasi zaidi ya 10. Mtu anayehamia huko na bunduki za kawaida hupewa siku 60 kuiandikia serikali ya jimbo habari zake. Lakini Arizona, ng'ambo ya mto, tangu 2010 mtu mzima asiyezuiwa na sheria aweza kuchukua bastola bila ya leseni yo yote. Mto ni mmoja, ng'ambo hii sheria hii, ng'ambo ile sheria ile.

Basi mhamiaji mwenye busara hufanyaje? Kwanza huandika orodha ya silaha zake, moja moja: aina, namba, na ukubwa wa magazini. Pili husoma sheria ya jimbo aendako, na hata ya mji, kwa kuwa mji waweza kuwa na sheria kali kuliko jimbo. Tatu hutenga zile zilizokatazwa. Hizo huziuza au huziacha kwa njia ya halali kabla ya kusafiri. Nne, kama jimbo lataka leseni kwanza, kama New York itakavyo kwa bastola, haingii nayo mkononi. Huipeleka kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni ikangoje huko. Tano hutunza hati zote za ununuzi na za kuhama. Wazee walisema, ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Lakini utalifumbaje kama hujui umefika kwa wenye chongo?

Ubishi bado haujakwisha. Wako wasemao kwamba leseni ya gari ya Texas hutambuliwa New York. Kwa nini leseni ya bastola isitambuliwe vile vile? Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa namna hiyo, lakini haukupita katika Seneti. Wengine hujibu kwamba watu wa mji wenye msongamano wana haki ya kujiwekea sheria kuliko mchungaji wa nyika tupu. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilitengua sharti la New York lililomtaka mwombaji aonyeshe haja ya pekee ili aruhusiwe kutembea na bastola. Lakini haikuondoa leseni yenyewe. Mpaka wa jimbo bado ni mpaka.

Wewe hukai Marekani, na huenda huna bunduki. Kwa nini basi nimekusimulia haya? Kwa sababu kila siku watu huvuka mipaka na mali zao halali: ng'ombe, dawa, mbegu, pikipiki. Mtu aliyenunua kwa haki hudhani haki inamfuata kama kivuli. Historia hii yatuonyesha kwamba haki ya namna hii imefungwa na mahali, na mahali pana maandishi yake. Asiyeweza kuyasoma husomewa na askari, na huko si mahali pazuri pa kujifunzia.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini mji wa Tombstone ulitaka wageni waweke silaha zao?

2. Eleza tofauti ya mpita njia na mhamiaji katika sheria ya mwaka 1986.

3. Je, wewe ungekuwa mmoja wa waamuzi wa yule kijana wa New Jersey, ungeamuaje? Toa sababu.

4. Andika orodha ya vitu vitatu ambavyo katika mpaka ulio karibu nawe yakupasa kuuliza kabla ya kuvivusha.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.