Mpaka wa Uwanja wa Shabaha: Nani Athibitishe Hatari?

Tarehe 28 Juni 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika shauri la McDonald dhidi ya Jiji la Chicago kwamba haki ya kumiliki silaha, iliyomo katika Marekebisho ya Pili ya Katiba, inazifunga pia serikali za majimbo na miji. Chicago ilikuwa imezuia wakazi wake kumiliki bastola tangu mwaka 1982. Siku 4 tu baada ya hukumu, madiwani wakapitisha sheria ndogo mpya. Mwombaji wa kibali alitakiwa ahudhurie mafunzo ya darasani kwa saa 4, kisha saa 1 ya kufyatua risasi katika uwanja wa shabaha. Sheria ndogo hiyohiyo ikapiga marufuku viwanja vya shabaha vya umma katika jiji zima.

Kibali kilitegemea mafunzo, mafunzo yalitegemea uwanja, na kufungua uwanja lilikuwa kosa. Polisi walibaki na viwanja vyao, na kampuni za ulinzi zikaruhusiwa kuwa na vyao. Aliyefungiwa mlango ni mkazi wa kawaida aliyetaka kutii sheria.

Sipingi mamlaka ya jiji kusema risasi zifyatuliwe wapi. Naona hata ni wajibu wake. Risasi ya bastola ya milimita 9 ikifyatuliwa hewani inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1 kabla ya kuanguka, na haichagui paa. Mwaka 1999, huko Phoenix, msichana wa miaka 14 aliuawa na risasi iliyofyatuliwa ovyo na mtu asiyejulikana. Mwaka uliofuata jimbo la Arizona likafanya kufyatua risasi kwa uzembe ndani ya mipaka ya mji kuwa kosa kubwa la jinai, likaacha nje ya katazo uwanja wa shabaha unaosimamiwa ipasavyo. Ndivyo sheria nzuri ya mahali inavyofanya kazi: inazuia ufyatuaji pale hatari ilipo, na inaruhusu pale hatari imedhibitiwa. Ninachopinga ni mpaka unaochorwa kwa kisingizio cha usalama ilhali lengo lake ni kuifanya haki iliyokwisha kutambuliwa isitumike. Na njia ya kuitambua mipaka ya aina hiyo ni moja: kuidai serikali ushahidi wa hatari yenyewe.

Ndivyo Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya Kanda ya Saba ilivyofanya mwaka 2011 katika shauri la Ezell, lililopinga katazo la Chicago. Jaji Diane Sykes aliandika kwamba haki ya kuwa na silaha ya kujilinda haina maana kubwa bila haki ya kujifunza kuitumia na kuendelea kujinoa. Jiji lilijibu kwamba wakazi wangeweza kwenda kujifunza katika vitongoji vya nje. Mahakama ikaikataa hoja hiyo, na ilistahili kukataliwa. Haki ya kikatiba haipimwi kwa kuangalia kama jirani anaiheshimu. Jiji lisilo na magazeti haliwezi kujitetea kwamba magazeti yanauzwa mji wa pili.

Jiji lilitafuta msaada pia katika historia, likataja sheria za zamani za miji ya Marekani zilizozuia kufyatua bunduki mitaani. Zilikuwapo kweli. Lakini ile ya Philadelphia ya mwaka 1721, kwa mfano, ilimtoza faini aliyefyatua bila kibali maalumu cha gavana. Palipo na kibali pana ruhusa. Hilo si katazo la moja kwa moja. Jiji lilipoulizwa kuhusu risasi zinazopotea, wizi wa silaha na moshi wenye sumu, halikuwa na data wala utafiti wa kuleta mbele ya mahakama. Hata Jaji Ilana Rovner, aliyeona wenzake wanazichukulia hofu za jiji kwa wepesi mno, alikubali kwamba katazo lile haliwezi kusimama.

Hofu ya moshi si ya kubuni, na hapa nataka kukaa kidogo. Katika risasi nyingi, baruti ya kuwashia ina kampaundi ya madini ya risasi, na kila bastola inapolia chembe zake hutoka pamoja na moshi mbele ya uso wa mpigaji. Ndani ya jengo lililofungwa, anayeumia zaidi ni mkufunzi na mfagiaji, wanaozivuta siku nzima na kwenda nazo nyumbani kwenye nguo. Dawa yake inajulikana: hewa safi iingie nyuma ya mpigaji, isukumwe mbele yake kwa mwendo wa takribani futi 75 kwa dakika kuelekea kwenye shabaha, ivutwe nje kupitia vichujio, sakafu isifagiliwe kwa ufagio mkavu. Kuta na mtego wa kunasia risasi nao hujengwa kwa vipimo. Jiji lenye hofu ya kweli huandika kanuni za namna hii na kutuma wakaguzi.

Chicago haikuishia kwenye hizo. Baada ya kushindwa iliruhusu viwanja kwa jina, ikavisukuma kwenye maeneo ya viwanda peke yake, tena umbali wa futi 500 kutoka makazi, shule, bustani na nyumba za ibada. Masharti hayo yalipojumlishwa, asilimia 2.2 tu ya ardhi ya jiji ndiyo iliyobaki, tena kwa nadharia. Hadi Januari 2017, mahakama hiyohiyo ilipoyafuta, hapakuwa na uwanja hata mmoja wa umma uliofunguliwa. Wakati huohuo sheria ya jimbo la Illinois ilikuwa inamtaka anayeomba leseni ya kubeba bastola afyatue risasi 30 mbele ya mkufunzi: 10 kwa umbali wa yadi 5, 10 kwa yadi 7, na 10 kwa yadi 10. Afyatulie wapi?

Wapo watakaosema jiji lililozika vijana wengi waliouawa kwa risasi halistahili kulaumiwa kwa kuzidisha tahadhari. Nauheshimu uchungu huo. Lakini anayekwenda kwenye uwanja wenye leseni, akajiandikisha kwa jina lake na kufyatua chini ya macho ya mkufunzi, siye anayeua vichochoroni. Zaidi ya hayo, jirani wa ghorofa ya pili mwenye ukuta mwembamba ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote kwamba mwenye bastola chini yake awe amefundishwa.

Upande wa pili una kosa lake, na si dogo. Mwaka 2011 Florida iliwatishia viongozi wa miji na wilaya faini ya hadi dola 5,000, na hata kuondolewa madarakani, iwapo wangetunga kanuni zao wenyewe za silaha. Wenye nyumba wakaanza kujitengenezea viwanja vya shabaha nyuma ya nyumba, katikati ya mitaa ya watu, na madiwani hawakuwa na la kufanya. Ilichukua hadi mwaka 2016 ndipo jimbo likazuia ufyatuaji wa kujifurahisha katika makazi yenye nyumba 1 au zaidi kwa kila ekari. Huko nako ushahidi haukuulizwa: aliyeogopa risasi ivuke uzio hakuwa na pa kuupeleka.

Nasikitika kwamba tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2022 katika shauri la Bruen, mahakama za Marekani zimeambiwa ziache kupima faida na madhara, zitazame maandishi ya Katiba na historia. Mwaka 2024, Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Sita ilisikiliza shauri la Howell, mji mdogo wa Michigan, ambako kampuni ilizuiwa na kanuni za matumizi ya ardhi kujenga uwanja wa nje wenye njia ya yadi 1,000. Kampuni ilishindwa: haki ya mafunzo, ilisema mahakama, haimpi mtu haki ya kufanyia mafunzo mahali fulani wala kwa umbali wa namna ile. Matokeo yenyewe huenda ni sahihi, maana njia ya yadi 1,000 ina hatari zisizopatikana kwenye chumba cha bastola cha yadi 25. Ila kwa kuwa shauri liliishia kwenye maana ya maandishi, mji haukudaiwa kuthibitisha lolote kuhusu kelele, mwelekeo wa risasi au umbali wa nyumba za jirani. Mji mwingine unaweza kuichukua hukumu hiyo kesho na kuitumia dhidi ya chumba cha yadi 25 chenye kuta za zege, na mtego wa risasi uliokaguliwa.