Tumbo Inafura Kila Wiki? Pengine Si Amiba, Ni Kitunguu

Unajua ile hali. Umekula chapo madondo kwa kibanda saa saba, kufika saa tisa tumbo imefura kama mpira na inanguruma mpaka msee mmekaa naye kwa mathree anakuangalia. Kesho choo ni mbio, kesho kutwa hakuna kitu. Unaingia kemisti, unaambiwa ni amiba, unanunua dawa. Mwezi ujao uko hapo tena.

Kama umepimwa choo na kila saa inatoka safi, uliza daktari kuhusu IBS. Wenyewe huangalia kama tumbo imeuma angalau siku moja kwa wiki, kwa miezi 3, na maumivu inaendana na choo kubadilika. Utumbo wako haujatoboka wala kuoza. Unashtuka tu haraka kuliko wa wengine.

Chenye hushtua sana ni sukari fulani za chakula zinaitwa FODMAP. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, kule Australia, ndio walizichambua. Utumbo mdogo hauzifyonzi poa, so zinavuta maji, alafu zikifika chini bakteria wanazila na kutoa gesi. Kwa beshte yako hiyo ni ushuzi tu. Kwako ni maumivu.

Mtaani adui namba moja ni kitunguu, cha kawaida na saumu, na manze viko kwa kila sufuria. Kuna pia maharagwe, ndengu, vitu za ngano kama chapo na mandazi, maziwa, embe na tikiti maji. Lakini ugali, wali, waru, sukuma, karoti, mayai, samaki na njugu karanga ziko sawa. Kumaanisha ugali sukuma bado inaingia, bora ipikwe bila kitunguu.

Ladha je? Sukari za kitunguu huyeyuka kwa maji, si kwa mafuta. Kaanga saumu vipande vikubwa, vitoe vyote, ndio uweke nyanya. Ukivitoa kama mchuzi ushaanza kuchemka umechelewa. Kitunguu cha majani nacho, kula ile sehemu ya kijani, nyeupe wachia wengine.

Hii si ya maisha. Kaa hivyo wiki 2 hadi 6, tumbo ikitulia rudisha kitu moja moja, siku 3 kila moja, ukianza na kidogo. Andika kwa simu. Wengi hupata ni vitu mbili tatu tu zinawasumbua, na chai ya maziwa inarudi mezani. Wiki 6 zikiisha na hakuna tofauti, rudi kula kawaida.

Ukiona damu kwa choo, unakonda bila kujaribu, una homa, ama tumbo inakuamsha usiku, wachana na mambo ya kitunguu kwanza. Enda hospitali, na usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya amiba bila kupimwa.